Salamu za Waliosimama

4 Februari

Mdogo wangu Chiriku,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Kidoti na shemeji. Sisi huku hatujambo, ukiacha yale madogo madogo yasiyokosekana. Wifi yako amepata kazi ya kushona sare za shule, kwa hiyo nyumba nzima imejaa vipande vya kitambaa cha buluu, hata kwenye sahani unakuta uzi. Binti yangu ameingia darasa la tatu na amekuwa mjuaji. Jana kanisahihisha namna ya kukata mkate, mimi niliyeanza kuoka mikate yeye hajafikiriwa.

Baba hakutumi salamu. Nakuandikia hivyo kwa sababu siku ile mnaondoka uliniomba nisikufiche jambo. Nilimwambia, "Baba, namwandikia mdogo wangu, nimwambie nini?" Akasema, "Mwambie mizani ya duka la pale chini inaiba." Basi nimekuambia. Alistaafu ukaguzi wa mizani lakini mizani haijatoka kichwani mwake. Wenye maduka wakimwona anakuja wanakumbuka shughuli za ndani.

Sasa la maana. Ulisema mnakwenda kupumzika wiki chache, mtarudi. Shemeji kauza vifaa vyake vya kupimia ardhi. Mtu anayekwenda kupumzika hauzi vifaa vya kazi. Mkuu wa zahanati yenu kanipigia simu kuuliza kama unaumwa, maana dirisha la dawa halina mtu. Nikasema ndiyo, unaumwa.

Juzi nilipita pale ilipokuwa sinema ya zamani. Wenzenu wamekodi jengo zima. Watu wamejaa mpaka barabarani, wote wima, hakuna kiti hata cha mgonjwa. Nilimwona yule daktari aliyening'oa jino. Nilimwona mwalimu mkuu wa binti yangu. Vijana wa chuo ndio usiseme. Mwonyaji wenu hakuwepo, ilikuwa kanda tu inapigwa kwenye spika, lakini watu walikuwa wakiitikia kama yuko mbele yao. Nikasimama nikasikiliza. Sauti anayo, sikatai. Ila Chiriku, mtu yule ametutangazia mpira redioni utoto wetu wote. Mpaka leo akipandisha sauti mimi nangoja goli.

Nimeambiwa simu hamruhusiwi, ndiyo maana naandika. Barua nampa mwenye lori la chumvi, yeye anafika getini kwenu. Nijibu kwa mkono wake. Mwambie Kidoti mjomba anamwekea kisigino cha mkate wa maziwa, kile kipande cha mwisho, hakigusi mtu.

Kaka yako


11 Machi

Kaka yangu mpendwa,

Amani ya waliosimama iwe juu yako na juu ya nyumba yako. Mimi ni mzima, Kidoti mzima, na mume wangu nadhani ni mzima pia, maana wanaume wanakaa mabanda ya upande wa pili na ninamwona kwenye sala tu, mgongo wake.

Barua yako imenifikia ikiwa imefunguliwa. Usiudhike. Yupo mzee hapa tunamwita Mlinda Maneno. Yeye husoma kinachoingia na kinachotoka ili kisitusumbue mioyo. Kasoma habari ya goli. Hakucheka.

Ungeona tunavyoishi usingekuwa na wasiwasi. Mabanda ni marefu, ya bati, yamepakwa chokaa ndani. Kitanda changu ni cha juu, Kidoti yuko cha chini, na kitanda kinachofuata ni cha mama mmoja aliyekuwa hakimu. Hakimu kabisa, Kaka, na sasa tunafua pamoja. Tunafua mashuka ya Makao yote, ndivyo tunavyopaita hapa, katika mabeseni ya saruji, na mchana mikono inakuwa myeupe kama ya maiti, tunachekana. Nalala vizuri. Sijalala hivi tangu Mama afariki.

Najua unataka kuniuliza kwa nini, na najua hutaniuliza. Miaka yote pale zahanati nilikuwa nawapa watu dawa kupitia kidirisha, na wale wale wanarudi na ugonjwa ule ule. Mama tulimpa kila kilichoandikwa, mimi mwenyewe nikimpimia, akafa kikombe kiko mkononi. Kesho yake nikarudi kidirishani. Siku ya kwanza nilipoingia kwenye ile sinema, mwanamke nisiyemjua alinishika bega akaniuliza, "Umechoka?" Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza.

Tulipofika hapa tulitoa dawa zote tulizokuja nazo zikafukiwa shimoni, nyuma ya jiko. Mimi nilikuwa na kisanduku kizima, unanijua. Wakasema nikifukie kwa mkono wangu. Nilipomaliza walinikumbatia mmoja mmoja mpaka nikalia. Kulia hapa hakutakiwi, wanasema kulia ni kuketi, lakini siku ile walinisamehe.

Kidoti jino la mbele limetoka. Shule ya vitabu hakuna, wanafundishwa kusimama na maneno ya Mwonyaji. Anasimama kuliko watoto wote wa umri wake. Wanamsifu.

Msalimie Baba hata kama hataki.

Mdogo wako


2 Aprili

Chiriku,

Salamu. Wifi yako anakusalimu, binti yangu anamsalimu Kidoti na anauliza jino alilitupa wapi.

Baba amelazwa. Ulianza mguu kuvimba, akakataa kwenda hospitali, akasema ni kiatu. Kisha ukavimba wa pili, na viatu alikuwa hajavaa. Daktari anasema ni moyo. Wamemweka wodi ya wanaume ghorofa ya juu, kitanda cha dirishani. Siku ya kwanza tu kagombana na muuguzi. Walimpima uzito, akashuka kwenye mizani, akaichungulia chini, akawaambia hiyo mizani haikukaguliwa na wamempunguzia. Muuguzi akasema, "Mzee, umepungua kweli." Baba akarudi kitandani bila kubisha. Ndipo nilipoogopa.

Sikuandikii ili kukulaumu. Nakuandikia kwa sababu ukipanda lori la chumvi linaporudi utafika hapa siku hiyo hiyo. Njoo umwone, kisha ukitaka urudi, urudi. Mimi nitakusindikiza hadi getini kwenu. Mje na Kidoti.

Mwambie huyo mzee anayesoma barua kwamba na yeye bila shaka alikuwa na baba.

Kaka yako


20 Mei

Kaka yangu mpendwa,

Amani ya waliosimama iwe juu yako. Sisi ni wazima kwa neema.

Barua yako nimepewa juzi. Ilikuwa imewekwa kwanza. Niliomba ruhusa, nikaitwa mbele ya wakubwa, wakaniuliza kama nina hakika nitarudi. Nikasema ndiyo. Wakaniuliza tena. Nikasema ndiyo, lakini wakasema wamesikia nimekawia kujibu. Huenda nilikawia. Kwa hiyo sitakuja. Banda letu lote lilisimama kwa ajili ya Baba kuanzia asubuhi mpaka mashuka yalipokauka. Mama hakimu alianguka, akainuliwa, akaendelea.

Mwambie Baba hivyo. Atasema ni upuuzi, lakini mwambie.

Mvua zimekuwa nyingi, bati linavuja upande wetu na nguo hazikauki. Kidoti ana kikohozi. Watoto wengi wanacho. Tumesimama naye.

Mdogo wako


15 Juni

Mdogo wangu,

Natumaini mu wazima wote. Sisi hatujambo. Kule kiwandani msimamizi wetu wa zamu, yule aliyekuwa akitutukana mama zetu kwa sababu ya trei moja iliyoungua, amejiunga na wenzenu. Siku hizi hatukani. Anasimama kando ya tanuri akitutazama kwa huruma, na nakuambia matusi yake yalikuwa nafuu. Kahamisha na wanawe wawili shuleni. Mtaani kwetu nyumba tatu zimefungwa, wenyewe wako huko kwenu. Watu wanasema "wameenda kusimama" kama wanavyosema fulani kaenda sokoni. Hakuna anayeshangaa tena.

Baba ametoka hospitali. Yuko nyumbani, anakaa barazani asubuhi jua likiwa bado si kali. Anakusalimu sana. Anauliza hali yako, unakula nini, unalala wapi. Anasema ukija hatakuuliza neno. Njoo tu.

Hicho kikohozi cha Kidoti kinanikosesha raha. Nimempa mwenye lori chupa ya dawa ya kifua na vile vidonge ambavyo mwenzako wa zahanati alinichagulia. Nimevifunga ndani ya unga. Wewe ndiye mfamasia, mimi ni mwokaji, siwezi kukufundisha kazi. Lakini mpe. Mwonyaji haoni kila kitu.

Nimemwekea na sweta jekundu, wifi yako kafuma.

Kaka yako


9 Julai

Kaka,

Amani ya waliosimama iwe juu yako.

Nimepokea unga na vilivyokuwemo. Barua yako ameileta kwangu Mlinda Maneno mwenyewe, pamoja na dawa, akaniuliza nitafanya nini nazo. Nikazipeleka nyuma ya jiko. Usitume tena.

Kidoti hakohoi tena. Mshukuru wifi kwa sweta, ni zuri.

Mvua imekatika. Mashuka yanakauka mapema, tukimaliza tunapelekwa kupalilia maharage. Maharage ya mwaka huu ni mazuri.

Nimefurahi kusikia Baba ananiuliza. Endelea kuniandikia anavyosema.

Mdogo wako


30 Julai

Mdogo wangu,

Barua yako ilikuwa fupi lakini imenitua mzigo. Nilipofika pale kwenye kikohozi nilimsomea wifi yako kwa sauti, naye akaacha cherehani akapiga vigelegele vidogo, vya ndani ya nyumba. Mungu ni wenu pia kumbe, nikasema. Samahani kwa utani.

Baba nilimwambia. Alitabasamu. Anasema mjukuu wake ana kifua cha ukoo wetu, hakishindwi. Jana alikaa barazani akaniambia anakumbuka ulipokuwa mdogo ulivyomfuata sokoni ukibeba jiwe la kilo moja, ukiwaambia wauza nyanya kwamba wewe ndiye serikali. Alicheka peke yake.

Nimezungumza na shule ya binti yangu. Yupo mwalimu mkuu mpya, yule mwingine hajarudi. Nafasi ya Kidoti ipo muhula ujao. Wifi yako anataka kumshonea sare, nipe urefu wake kutoka begani hadi gotini. Watoto wanarefuka.

Kaka yako


28 Agosti

Kaka,

Amani iwe juu yako.

Msishone. Huku tunavaa nguo za aina moja.

Tunaendelea vizuri. Watu wanazidi kuja, tumeongezewa mabanda. Mabeseni hayatoshi.

Baba anasemaje?

Mdogo wako


17 Novemba

Mdogo wangu,

Nimekawia kuandika. Wifi yako hajambo. Binti yangu hajambo.

Shemeji alikuja kiwandani. Tulikuwa mapumzikoni, mlinzi wa geti akaja akaniambia, "Kuna mtu hapa anasema ni shemeji yako, lakini hafanani na shemeji ya mtu yeyote." Nikatoka. Nisingemtambua kama si masikio yake. Nilimkalisha kwenye kreti nyuma ya ghala la unga, nikampa mkate wa moto. Akala wote bila kuinua macho. Nikampa mwingine.

"Umetokaje?" nikamwuliza.

"Nilitumwa kupima mpaka wa shamba jipya. Nikapima, nikaendelea kutembea."

"Mke wako?"

"Yupo."

"Na mtoto?"

Akatafuna, akameza.

"Mtoto alitangulia," akasema.

Nikamwuliza ametangulia wapi. Sikumwuliza kwa kejeli. Nilidhani amemtuma mbele nyumbani kwangu, yuko njiani na mtu, au ameshafika na wifi yako anamwogesha. Nilishaanza kugeuka nikamtafute. Akanishika aproni.

"Juni," akasema. "Mwanzoni mwa Juni. Hukuandikiwa?"

Nilimwambia hapana, sikuandikiwa. Kisha kengele ikalia nikarudi kwenye tanuri, maana zamu ilikuwa haijaisha. Nilitoa trei zote. Mikate yote ilitoka sawa, sijui ilitokaje sawa. Niliporudi nyuma ya ghala alikuwa amelala pale pale, mdomo wazi.

Yuko kwetu sasa, sebuleni. Wifi yako anampikia, anamwekea chakula na kuondoka, hawezi kumtazama.

Nimezisoma upya barua zako. Hukuniambia uongo hata mahali pamoja.

Nimeanza barua hii mara nyingi. Baba bado sijamwambia.

Kaka yako


6 Desemba

Kaka,

Barua hii haipiti kwa Mlinda Maneno. Anaitoa mama hakimu, ameamua kuondoka, akifika mjini ataiweka posta. Kwa hiyo hakuna salamu za waliosimama. Hamjambo? Mimi sijambo.

Nitakueleza ilivyokuwa, ili usisikie kwa mwingine.

Kidoti alianza kikohozi wakati wa mvua. Siku ya pili nilipomvua nguo nikaona mbavu zinavyovutwa ndani akipumua, nikajua ni kichomi. Nilijua hapo hapo, kama ninavyojua jina langu. Nilijua dawa, nilijua kipimo kwa uzito wake, nilijua chupa inakaa rafu gani pale zahanati na rangi ya kizibo. Nikaenda nyuma ya jiko. Pale tulipofukia dawa walikuwa wamepanda mchicha. Udongo ulikuwa laini kwa mvua, hata kijiko kingetosha. Nikasimama pale. Nikajiambia, nikiinama nitakuwa nimesema kwamba yote niliyoyaacha niliyaacha bure. Sikuinama. Nikachuma mchicha, nikarudi nao jikoni, kana kwamba ndicho nilichofuata.

Wanawake wa banda letu walitusimamia. Walinishika mikono huku na huku, wananiimbia sikioni polepole. Hakuna aliyenifunga wala kunitisha. Nataka ulijue hilo. Watakapokuja kukuambia kwamba tulilazimishwa, ujue mimi nilishikwa mikono kwa upendo, na mkono wangu ungetoka wakati wowote kama ningeuvuta.

Alikufa mchana, watu wakiwa wanakula. Nilisikia vijiko. Aliomba maji, nikamletea, hakuyanywa. Wakamzika kabla ya sala ya jioni, karibu na ukuta, bila alama yoyote, maana alama ni ya walioketi. Mwonyaji mwenyewe alikuja. Akasema Kidoti amesimama sasa mahali pasipochosha. Alisema kwa ile sauti. Nilimtazama mdomo unavyokwenda na kwa mara ya kwanza nikakumbuka goli lako, nikaogopa nitacheka.

Sikulia. Sijalia mpaka leo. Nafua, napalilia, nakula ninachopewa. Nikiungua na maji ya moto naona ngozi imekuwa nyekundu, kisha nakumbuka kuondoa mkono. Wanasema nimekomaa katika njia. Wamenipa wasichana wapya niwafundishe.

Sweta nililivaa mkononi kama soksi, halikunipita zaidi ya hapo. Baadaye nilimpa mtoto mwingine.

Kuhusu Baba. Huwezi kumwambia, Kaka. Najua. Nilijua tangu barua yako ya Juni. Uliandika kwamba ananisalimu sana, anauliza ninakula nini. Baba hajapata kumwuliza mtu anakula nini, isipokuwa kama anataka kujua kimepimwa wapi. Na lile jiwe la sokoni ni wewe uliyelibeba. Mimi nilikuwa mgongoni kwa Mama.

Sikukuambia kwamba nimejua, kwa sababu nilitaka aendelee kuniuliza. Barua zako nilizingoja kwa ajili yake. Nilikuwa nikizisoma pale anapotajwa tu.

Alizikwa karibu na Mama?

Usije kunichukua. Anayetoka haingii tena, na wamezika wengi pale ukutani baada ya Kidoti. Nikitoka hakuna atakayejua yeye ni yupi.

Mdogo wako


10 Januari

Mdogo wangu,

Ndiyo, karibu na Mama, upande wa kushoto. Ilikuwa Aprili, kabla hujapata ile barua yangu ya hospitali. Alikufa usingizini baada ya kifungua kinywa. Watu walikuja wengi, hata wenye maduka. Muuza sukari wa pale chini alilia kuliko mimi.

Uliniomba nisikufiche. Hakukutaja. Ila nilipokwenda kuchukua vitu vyake wodini, muuguzi akaniuliza, "Huyo mfamasia ni nani yako?" Nikasema ni mdogo wangu. Akasema kila alipopewa dawa Baba alikuwa akiwaambia nyumbani kwake yuko mfamasia, wasidhani hajui wanachompa. Hayo ndiyo niliyoyapata. Hakuna mengine.

Mama hakimu alifika kwangu. Alikuwa na barua yako ndani ya kiatu, hakuiamini posta. Tumekwenda naye ofisi ya wilaya, na shemeji pia, nilimwogesha nikampa suruali yangu. Ofisa aliyetupokea hakushangaa. Alisema sisi si wa kwanza, ila wa kwanza kuja na mtu anayejua sheria. Mama hakimu alizungumza amekaa, mikono juu ya meza, na yule ofisa akaanza kumwita mheshimiwa. Shemeji akawachorea Makao yote kwenye karatasi, mabanda, jiko, ukuta. Alipofika ukutani akaweka kalamu chini. Akasema, "Hapa mwulizeni mke wangu."

Sijui barua hii itakufikia kabla yao. Wakija usikimbie. Wengine watakimbia. Wewe simama hapo ukutani uwangoje.

Kaka yako


22 Februari

Kaka,

Hamjambo huko? Msalimie wifi. Msalimie binti yako.

Tuko kwenye ukumbi wa chuo, mjini. Wametupangia magodoro mstari mstari, kila mtu na blanketi na kikombe cha plastiki. Chakula kinatosha. Walikuja alfajiri, magari mengi. Mwonyaji hawakumkuta. Wanasema aliondoka siku mbili kabla, ameacha kanda zake zote. Mlinda Maneno walimkuta amekaa kwenye kiti. Sikujua kama alikuwa na kiti.

Niliwangoja ukutani. Walinipa glavu na barakoa, wakaniambia ninaweza kusubiri garini. Nikakataa. Niliwaonyesha, wakachimba, alikuwa hapo. Nilimtambua kwa kile kidoti cha kidevuni, ingawa ofisa alisema haiwezekani kikaonekana. Nilikiona. Wakamtia kwenye mfuko wakaandika namba. Kwa wengine wote, mama zao wanapimwa damu ili wajulikane. Yeye hakuhitaji.

Jana walituandikisha. Msichana mdogo, mpole, ana kalamu ya buluu. Kazi? Nikasema mfamasia. Akaniangalia kidogo, akaandika. Ndugu wa karibu? Nimempa jina lako. Una watoto wangapi? Mmoja, nikasema. Hakuuliza yuko wapi, alikuwa ameshafika swali linalofuata.

Saa ya sala ikifika, nusu ya ukumbi inasimama, wima katikati ya magodoro. Askari wanawatazama hawajui wafanye nini. Wapo wanaosema tumesalitiwa na mmoja wetu, wanatafuta ni nani. Mimi nimelala karibu na mlango. Nami nikisikia wengine wanainuka, najikuta nimeinuka. Kisha naketi tena, taratibu, nikishika ukuta.

Wanasema karatasi zikikamilika tutaruhusiwa kumchukua. Njoo na gari lenye nafasi nyuma. Shemeji yako asije. Na ukiingia humu ukumbini, nitafute kwa macho tu, usiseme pole. Hapa mtu akisema pole tunageuka wote.

Mdogo wako